Mlango Ninaouonyesha

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata kazi! Siyo kubeba matofali, siyo kumenya muhogo wa shangazi. Kazi ya shati jeupe na tai.

Bosi Makarius, mwenye mabasi ya Korongo, karudi kutoka Dubai alikofuata vipuri. Karudi mtu mwingine kabisa. Katuita ofisini pale stendi ya Kasulu, anasimulia ndege. Anasema alikaa mbele, bizinesi klasi. Kiti kikalala kama kitanda. Binti akamletea taulo la moto afute uso. Taulo la moto! Anasema kidogo alie.

Sasa anataka basi letu kubwa la Kasulu–Mwanza liwe hivyo hivyo. Pazia katikati. Mbele viti vipana vya kulala, blanketi, juisi, soketi ya simu kila kiti. Nyuma wananchi kama kawaida.

— Watu wa Buha nao ni watu, kasema. Tukapiga makofi.

Akauliza nani anaweza kusimama mbele za watu akaongea bila kutetemeka. Nani mwingine? Shule niliishia form two, ila mdomo wangu una digrii. Nimeteuliwa mimi na Divine. Divine kamaliza form four na hachoki kunikumbusha.

Mimi Nduwayezu, mhudumu wa kwanza wa bizinesi klasi Kasulu nzima! Bosi tayari ananiita Pailoti.

Alhamisi, 7 Agosti

Kibondo. Tumelileta basi gereji kwa fundi Claude. Baridi ya asubuhi si mchezo, moshi unatoka mdomoni kama tunavuta sigara.

Viti vipya vizuri balaa. Vyekundu, vinalala hadi chini. Shida — vimekataa kuenea. Vitatu vya upande wa kulia vinagongana na mlango wa dharura. Claude kapima, kapima tena, akampigia bosi. Nikate kiti kimoja, bosi? Hapana. Funga mlango.

Basi Claude kauchomelea. Cheche zikaruka, nikakaa mbali na shati langu. Akaweka bati kwa ndani, akafunga kiti mbele ya bati, juu yake pazia la velveti. Ukiingia huoni kitu. Kwa nje maandishi mekundu yamebaki vilevile, MLANGO WA DHARURA. Trafiki akipita nje anaona mlango.

Zile nyundo za kuvunjia kioo nazo zimetolewa, eti watu wanaiba na zinachafua sura. Chini ya zulia kapitisha waya mmoja mrefu: friji, soketi zote, na kile kidude cha kuchemshia taulo.

Dereva wetu ni Saady, mtu wa Ujiji, anaendesha mabasi tangu mimi nanyonya. Alisimama anaangalia mpaka kazi ikaisha. Akatema mate. Nikamuuliza vipi babu, ndege haikupendezi? Kasema ndege ikianguka inaanguka na milango yake.

Mzee ana nuksi huyo.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nilisimama nje ya kanisa na tai yangu. Acha niandike ukweli — niliwaua. Hata wale waliokuwa wananiita mzururaji walinisalimia kwa mikono miwili. Mwidiwe, Nduwa! Mwidiwe, mwidiwe.

Halafu shangazi Apoline. Dada yake baba, kwetu tunasema masenge. Ndiye kanilea baada ya wazazi, simjui mama mwingine. Tangu bodaboda imgonge akitoka gulio la Munanila ana chuma mguuni, na mguu haukunjiki. Umenyooka kama mchi. Sasa umeanza kutoa usaha. Hospitali kubwa ya Mwanza wamempa tarehe ya kutoa chuma. Tarehe ya kwanza ilipita — alipanda basi la kawaida, mguu ukakaa njiani, kila anayepita anaupiga. Akashuka Kibondo analia, akarudi. Daktari kamwambia kwenye simu, tarehe hii ya pili ikipita tutazungumza habari ya kukata.

Nikamwambia masenge, futa machozi. Mimi nakupa kiti cha bizinesi, cha kulia, chenye nafasi ya mguu mbele. Utalala kama waziri.

Akanishika mashavu. — Mwana wanje, kumbe ule mdomo ulikuwa na kazi yake.

Kiti cha kulia. Nilisema mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Safari ya kwanza!! Nimeongea kama nimezaliwa hewani. Mabibi na mabwana, karibuni ndani ya Korongo, fungeni mikanda, laza kiti kwa kitufe hiki. Mlango wa kuingilia ni ule pale. Mlango wa dharura upo upande wenu wa kulia — na vidole viwili, hivi, mkono umenyooka, kama kwenye video za ndege. Makofi!

Kisha aibu. Juisi. Divine kamimina nyuma ya pazia, nikaja na trei, nikagawa. Hakuna anayekunywa. Vikombe vimekaa tu. Mzee Nsabimana, yule wa duka la mbegu, ananitazama kama mwizi wa kuku.

— Kijana, wewe mtoto wa nani?

Nikamtajia. Akasema basi ukoo wako naujua, na hawakukufundisha.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja yeye kwanza, mbele yako, unamwona koo likishuka. Kusogongera. Ndiyo unajua hamna sumu. Mimi nimewaletea watu wazima vikombe kutoka gizani kama mchawi!

Nikachukua jagi, nikasimama katikati, nikajimiminia, nikanywa. Mkono kifuani. Wote wakanywa palepale. Divine alicheka mpaka akakaa chini.

Bosi kapata habari kwa simu kabla hatujafika Nyakanazi. Kafoka. Dubai nani alinionjea? Unakunywa juisi ya abiria? Marufuku! Lakini marufuku ya Kasulu haifiki Geita. Nikaonja tena.

Mzee Nsabimana akanipongeza, kisha akauliza kwa sauti, abiria wote wasikie:

— Na mwenye basi, yeye huonja wapi?

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo mwalimu Ange, wa shule ya Kagerankanda, alikaa kiti cha kulia. Nilipoonyesha mlango wa dharura kwa vidole vyangu viwili, akageuka, akafunua pazia. Akaona bati.

— Wewe Nduwa. Mlango uko wapi?

Nikatabasamu. Nikamwambia mwalimu, hii ni teknolojia ya ndege, mlango uko ndani ya ukuta, dereva akibonyeza unafunguka wenyewe.

Akaamini! Mwalimu mzima! Akarudisha pazia vizuri, akavuta blanketi.

Saady alinitazama kwenye kioo chake.

Nilidhani nitafurahi kumshinda mwalimu. Nilipoonja juisi ikakwama kooni, nikakohoa mbele ya watu. Mzee mmoja akarudisha kikombe chake kwenye trei bila kunywa.

Jumatatu, 18 Agosti

Zamu ya mapumziko. Bosi kanituma kambi ya Nyarugusu kwa Esperance, mama wa Kikongo anayetushonea mapazia na sare. Cherehani yake iko mlangoni kwa turubai, redio inaimba, watoto kibao.

Nikamwonyesha namna ninavyotangaza. Nilifanya yote, na vidole. Watoto wakashangilia. Esperance akaacha kukanyaga cherehani.

— Petit, ule mulango unaonyeshaka batu, unafungukaka?

Nikaanza ile ya teknolojia. Akanikata. Anasema pazia kashona yeye, Claude alimpa kipimo cha bati, anajua kuna nini nyuma yake.

— Basi weye unaonyeshaka batu ukuta.

Watoto wakaishika! Ukuta, ukuta, muonyeshe ukuta! Wamenifuata hadi kwenye pikipiki, wamenyoosha vidole viwili viwili, wanaonyesha matope ya nyumba, mti, mbuzi. Nimecheka nao. Ningefanyaje.

Nimerudi na sare mpya. Imenikaa vizuri. Sijaipenda.

Jumatano, 20 Agosti

Friji imezima mara mbili. Ikizima, taa za soketi zinafifia, kisha vyote vinarudi. Kuna harufu. Kama mtu anachoma kandambili mbali, shambani. Abiria wanasema ni mashamba, watu wanachoma majani. Kweli msimu wa kuchoma huu, vilima vyote vya Kibondo vina moshi. Lakini nilivua kiatu nikakanyaga zulia karibu na kiti cha kulia. Lina joto kama tumbo la mbwa.

Saady kapita gereji. Claude kasema fyuzi ilikuwa inakatika, kwa hiyo kafunga kipande cha waya badala ya fyuzi. Sasa haikatiki tena. Kasema kwa furaha.

Saady kampigia bosi, nikasikia bosi tu maana alikuwa anapiga kelele: stendi imejaa madereva.

Jumamosi, 23 Agosti

Saady kaacha kazi. Kaweka funguo juu ya meza ya bosi, kachukua kofia na mkeka wake wa kuswalia, basi. Alipopita karibu yangu nikamtania, babu, unatukimbia? Akasimama. Akanishika bega, mkono mzito.

— Mimi nilitazama tu. Wewe unawaambia.

Kaondoka kwa miguu hadi nje ya stendi.

Dereva mpya ni Reverien. Kijana, miwani ya jua, anapenda muziki. Kanipa tano. Ananiita mwanangu, na miaka yetu ni sawa!

Na kingine. Mke wa bosi na watoto wanakwenda harusini Mwanza. Nikawatengea viti vya mbele, blanketi mpya, nimekunja pembe kama hotelini. Nikasimama mlangoni na tai. Wakapita. Wakapanda basi la kampuni nyingine, lililopaki pembeni yetu. Viti vya kawaida, magoti kifuani. Mtoto mdogo akanipungia dirishani.

Nikamuuliza bosi. Kasema ah, wanawake, kichefuchefu, harufu ya viti vipya.

Na yeye mwenyewe? Siku zote anakwenda Mwanza na gari lake dogo. Nimewaza kutwa nzima, nimejaribu kukumbuka. Hajawahi kukaa kwenye vile viti. Hata gereji kujaribu. Hata basi likiwa limesimama.

Jumapili, 24 Agosti

Shangazi kaaga kanisani. Padri kamwombea mguu. Kapaka kiatu rangi, kile kimoja anachovaa.

Nilikwenda kwake na nia ya kusema. Mimi, ambaye nimemdanganya mwalimu bila kumeza mate! Nikakaa kwenye kigoda, nikala viazi, nikasema masenge, hivi usingengoja kidogo? Usingepanda basi lingine?

— Nilipanda lingine. Nilirudi nalia, ulinibeba wewe mgongoni. Umesahau?

Sijasahau.

— Kuna nini, Nduwa?

Nikamwambia. Mlango, nyundo, waya, zulia. Yote. Alisikiliza anamenya viazi, kisu hakikusimama hata mara moja. Mwisho akauliza, tarehe nyingine hospitali watanipa? Nikasema sijui. Akauliza, viti vya nyuma mguu unaenea? Nikasema hapana. Nikasema ningekukalisha kiti cha mbele cha kushoto, karibu na mlango wa kuingilia — lakini kile kimenunuliwa na mzee Nsabimana, na bosi kasema abiria aliyechagua kiti hasogezwi, ndivyo ilivyo kwenye ndege.

— Na wewe utakuwemo?

— Nitakuwemo.

— Basi.

Nimempigia Claude, aje alfajiri aukate ule mlango. Kasema neno la bosi tu. Nimempigia bosi. Kasema Pailoti, umeanza kuwa Saady?

Nyuma ya banda kuna nyundo ya marehemu baba, ya kupigia misumari ya mabati. Nimeifunga ndani ya blanketi.

Jumatatu, 25 Agosti

Naandika ndani ya basi. Herufi zinaruka, barabara ni nzuri ila Reverien analikimbiza basi.

Tulipotoka Kasulu nilisimama mbele na kipaza sauti. Viti vyote vimejaa. Mwalimu Ange yupo, kanitolea meno. Mzee Nsabimana kushoto, na kofia yake. Shangazi kulia, mguu umenyooshwa kwenye kigoda chenye mto, pazia la velveti kiti kimoja kutoka kwake.

Nikasema karibuni ndani ya Korongo. Nikasema mikanda. Nikafika pale. Mkono ukakataa kunyooka. Nikasema:

— Mlango wa dharura umechomelewa. Haufunguki. Nyuma ya pazia lile kuna bati. Nyundo za vioo zimeondolewa. Ninayo moja tu, hii hapa.

Nikaifungua kwenye blanketi, nikaiinua.

Wakacheka! Wakapiga makofi! Mzee Nsabimana alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Huyu mtoto jamani, huyu mtoto atatuua. Mwalimu Ange anasema usiogope babu, mlango uko ndani ya ukuta, dereva anabonyeza tu. Nikasema mwalimu, nilikudanganya. Wakacheka tena! Huko nyuma ya pazia wananchi nao wakacheka, wala hawajui kisa. Reverien kapiga honi ya kunisherehekea.

Nimewatania watu hawa maisha yangu yote. Sina uso mwingine wa kuwaonyesha.

Divine hakucheka. Kanong'oneza, Nduwa, umelewa? Akaangalia nyundo. Akaenda kuzima friji. Reverien kaiwasha tena kutoka kwake mbele, kasema bosi anataka juisi ya baridi, ndiyo huduma.

Tumepita Kibondo bila kusimama gereji.

Nilipofika na jagi nikaonja kama kawaida, mkono kifuani, wote wakanywa. Shangazi hakunywa. Kakishika kikombe, kanitazama, akapapasa kiti cha pembeni yake, kile kilichofungwa mbele ya bati kabisa. Abiria wake kashuka Kibondo.

— Umeonja juisi. Kaa hapa.

— Masenge, mhudumu hakai.

— Kaa. Hiki nacho kionje.

Nimekaa. Ndipo ninapoandikia. Kiti kizuri kweli, sikatai. Kinameza mgongo. Ukilala husikii barabara. Nyundo iko mapajani, chini ya daftari. Mgongoni nasikia bati linatetemeka, na ukiligusa kwa kiganja —

Harufu imerudi. Siyo ya mbali. Nje hakuna anayechoma shamba, nimeangalia pande zote mbili, vilima vimekwisha kuungua, vyeusi, vimepoa.

Nimekwenda kwa Reverien. Nimemwambia simamisha. Kasema mwanangu tulia, hapa mlima, tukifika Kakonko tunaangalia wote. Nimemwambia simamisha sasa. Kaongeza muziki. Nimemwambia sitanii. Kasema najua, wewe hutaniagi, akacheka peke yake.

Nimerudi kukaa. Taa za soketi zinafifia, zinarudi. Zinafifia.

Mwalimu Ange kavua vipokea sauti masikioni. Ananusa. Ananitazama, halafu anaangalia pazia, halafu ananitazama tena. Hatabasamu sasa. Mdomo wake unauliza kitu, muziki unakimeza.

Soli za viatu vyangu zinanata kwenye zulia.

Mzee Nsabimana amelala, kofia usoni, miguu kwenye njia ya mlango wa kuingilia.

Shangazi hajauliza kinanuka nini. Kanipa kikombe chake nikibane kwa magoti, kimejaa, hakimwagiki hata tone. Kwa mkono mmoja anafungua mkanda. Mwingine kauweka juu ya mpini wa nyundo, juu ya mkono wangu, na anaangalia kioo cha dirisha.